Naingia Makerere Agosti: usajili, chumba, pesa, na kwa nini watu huanguka muhula wa kwanza?

Binti_Malaba

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, mambo vipi.

Nimepata nafasi Makerere, Shahada ya Takwimu, kwa kujilipia. Tangu S1 hadi S6 (miaka yote sita ya sekondari) nimekaa bweni, nikiishi kwa kengele, kwa hiyo kupanga chumba au kukaa na pesa ya miezi minne ni mambo mageni kwangu. Baba yuko tayari kulipa, ila anataka mpango ulioandikwa kabla hajatoa hata shilingi.

Naomba kujua: usajili unaanzia wapi na unakwama wapi? Nitafute chumba Kikoni au niende mbali ambako ni rahisi? Pesa ya matumizi ije yote pamoja au kidogo kidogo? Na kwa nini watu waliofaulu vizuri UACE (mtihani wa S6) wanaanguka muhula wa kwanza tu? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Tafadhali msinijibu "jitahidi na umwombe Mungu", hilo nimeshaambiwa kanisani.

Karani_Mstaafu

Marahaba binti, na hongera.

Nitajibu la usajili, mengine wapo wanaoyajua zaidi. Watu huchanganya mambo matatu: kupewa nafasi, kujiandikisha kwa muhula, na kusajili kozi. Barua ya nafasi unayo, lakini peke yake haijakufanya mwanafunzi. Kila muhula, siyo wa kwanza tu, unaingia kwenye portali ya chuo (Makerere wanatumia ACMIS), unajiandikisha kwa muhula huo, mfumo unakutolea ankara, unalipa, kisha unasajili kozi zako. Anayelipa akadhani amemaliza ndiye anayekuja kuhangaika wakati wa mitihani: pesa imefika, lakini jina halimo kwenye orodha ya kozi, na alama haina pa kuwekwa.

Malipo ni kwa namba ya PRN (namba ya kumbukumbu ya malipo), na unaitoa mwenyewe kwenye portali. Ina tarehe ya kuisha. Ikipita, toa nyingine, usihangaike na ile ya zamani. Hulipwa benki au kwa simu, kwa hiyo baba anaweza kulipia hapo hapo Malaba bila wewe kugusa noti. Angalia ankara yote: ada ya masomo ni mstari mmoja, ada nyingine za chuo ni mistari mingine, na ukiacha mmoja unabaki na deni. Siku moja au mbili baada ya kulipa, rudi kwenye portali uone salio limebadilika. Ada ya chuo haipokelewi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata mtu huyo awe na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Wale vijana wa "nikusaidie usajili" utakaowakuta getini, wasalimie upite.

Beba vyeti halisi: UCE (cha S4), matokeo ya UACE, kitambulisho cha taifa, barua ya nafasi, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, na picha za pasipoti. Toa nakala 3 za kila karatasi kabla ya kutoka nyumbani, maana foleni za fotokopi Wandegeya wiki hiyo ni adhabu tupu. Vyeti halisi huonyeshwa, vinalinganishwa na nakala, unaondoka navyo. Usimwachie mtu.

Sasa majina. Leo jioni weka UCE, UACE na kitambulisho mezani, soma herufi kwa herufi. Sarah huku, Sara kule. Jina la ukoo lipo kwenye kitambulisho lakini UNEB (baraza la mitihani) hawalijui. Kwa kawaida chuo hufuata jina la vyeti vya UNEB, na ndilo litakalochapwa kwenye digrii. Tofauti hurekebishwa kwa kiapo au kwa NIRA (wanaotoa vitambulisho vya taifa) kusahihisha upande wao, ila hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Usiingoje Agosti.

Na ikitokea umezidiwa, kwa ugonjwa au ada, usipotee kimya. Omba kwa maandishi kuahirisha muhula au mwaka, kabla mitihani haijaanza. Aliyeomba akakubaliwa hurudi kwenye nafasi yake. Aliyetoweka huhesabiwa ameacha masomo.

Mkufunzi_T

Kuhusu kuanguka. Sababu kubwa siyo akili, ni ratiba.

Kozi za chuo hupimwa kwa krediti. Krediti 1 ni saa 15 za darasani. Kozi ya krediti 3 ni saa 45, na kwa kuwa muhula una wiki 15 za kufundishwa (halafu 2 za mitihani), hizo ni saa 3 kwa wiki. Ukiwa na kozi 5 au 6 unapata saa 15 hadi 18 za darasani kwa wiki nzima. Mtu aliyetoka S6, aliyekuwa darasani kutwa na jioni akaenda prepu, akiiona ratiba hiyo anadhani yuko likizo. Jumatano hana kipindi, analala. Hakuna mwalimu wa zamu atakayemwamsha, na mhadhiri mwenye darasa la watu 200 hatajua kama yupo au hayupo.

Kwa kila saa ya mhadhara weka saa 2 za kusoma mwenyewe, na uziandike kwenye ratiba kwa siku na saa kama vile ni vipindi. Kwa takwimu hili halina mjadala. Nadharia ya uwezekano haisomwi kwa macho. Fanya maswali ya mada siku ile ile au kesho yake, kabla hujasahau mhadhiri alivyotoka mstari wa tatu kwenda wa nne.

La pili ni hesabu za alama. Kozi nyingi hapo zina alama 40 za majaribio na kazi za muhula, na 60 za mtihani. Mgawo hutajwa mwanzoni mwa kozi, uandike. Kufaulu ni 50. Ukiingia kwenye mtihani na 28 kati ya 40, unahitaji 22 tu kati ya 60. Ukiingia na 12, unahitaji 38 kati ya 60, yaani zaidi ya asilimia 63 ya mtihani ili upate ufaulu wa chini kabisa. Na majaribio huanza mapema, katikati ya muhula au kabla, wakati wengine bado wanatafuta godoro. Anayeanguka Desemba mara nyingi alianguka Septemba, ila hakuambiwa.

Utasikia pia kwamba mwaka wa kwanza hauhesabiwi. Uongo. Wastani wako hujumlisha kozi zote kuanzia ya kwanza, kila moja kwa uzito wa krediti zake. Pointi ziko hivi: 80 na zaidi ni 5.0, 75–79 ni 4.5, 70–74 ni 4.0, 65–69 ni 3.5, 60–64 ni 3.0, 55–59 ni 2.5, 50–54 ni 2.0. Daraja la kwanza linaanzia 4.40, la pili la juu 3.60, la pili la chini 2.80.

Chukua muhula wenye kozi 5:

krediti 4, alama 72: 4 × 4.0 = 16
krediti 3, alama 81: 3 × 5.0 = 15
krediti 3, alama 58: 3 × 2.5 = 7.5
krediti 3, alama 66: 3 × 3.5 = 10.5
krediti 4, alama 62: 4 × 3.0 = 12

Jumla ni 61, gawa kwa krediti 17, unapata 3.59. Daraja la pili la chini, kwa kukosa nukta moja ya mia. Ile 58 ingekuwa 60, jumla ingekuwa 62.5 na wastani 3.68, daraja la pili la juu. Alama 2 zile zingepatikana kwenye zoezi moja lililopelekwa kwa wakati.

Kozi uliyoanguka hurudiwa inapofundishwa tena. Ya muhula wa kwanza itafundishwa tena mwaka ujao, muhula wa kwanza, utalipia upya, na huenda ikagongana na vipindi vya mwaka wa pili. Wastani ukishuka chini ya 2.0 unawekwa kwenye uangalizi, na uangalizi ukifuatana mara tatu unaondolewa.

Jambo la mwisho, ambalo ni kero ya miaka yote: alama kupotea. Una namba mbili, namba ya usajili (inaanza na tarakimu za mwaka, kisha U) na namba ya mwanafunzi yenye tarakimu 10. Zikariri zote mbili. Tarakimu moja ikikosewa kwenye karatasi, alama yako inaelea. Saini orodha ya mahudhurio kwenye kila jaribio, piga picha jalada la kila kazi unayokabidhi, na karatasi zilizosahihishwa usizitupe mpaka matokeo ya muhula yatoke. Ukikuta pengo, anza na mhadhiri, halafu mkuu wa idara, kwa barua, ukiambatisha karatasi yenyewe. Malalamiko ya mdomo hayana faili.

Kazi za kikundi: hakikisha jina na namba zako zimo kwenye jalada KABLA halijachapwa. Usiniulize kwa nini nimeandika kwa herufi kubwa.

Mama_Hosteli

Mwanangu, kwanza soma barua yako: ni ya mchana au ya jioni? Vipindi vya jioni huanza saa 11 na vinaweza kukutoa saa 3 au 4 usiku. Kama ni vya jioni, chumba cha mbali kisahau. Tafuta Kikoni au Wandegeya, penye njia yenye taa na watu, na uipite njia hiyo usiku kabla ya kulipa, siyo mchana tu. Simu iwe ndani ya begi. Wanaonyakua hupita na bodaboda, na anayeongea kando ya barabara ndiye wanayemtafuta.

Kama ni vya mchana unaweza kuangalia Nakulabye, Kivulu, au upande wa Kalerwe ambako soko ni rahisi. Bwaise ni rahisi zaidi lakini mvua ikipiga maji huingia ndani. Nenda ukakague baada ya mvua kubwa, ukuta utakueleza maji yalifika wapi.

Usilipie chumba kwa picha za WhatsApp. Fika, au mtume ndugu aliye Kampala. Uliza: bei ni ya muhula au ya mwezi? Ni ya kitanda au ya chumba? Ukiweka pesa ya kushikilia nafasi halafu ukabadili mawazo, inarudi? Likizo unaacha vitu ndani au unatoa? Godoro lipo? Kama halipo, pima kitanda kwanza ndiyo ununue, maana vya ghorofa vingi ni vyembamba na godoro la futi 4 halitaingia. Umeme: Yaka (mita ya kulipia kabla) ni yako peke yako au mnagawana? Mkigawana na jirani mwenye pasi na hita, utalipa umeme wake. Maji: fungua bomba la ghorofa unayokaa, siyo la chini, na uliza tangi lina ukubwa gani maji ya bomba yakikatika. Risiti iwe na jina lako, namba ya chumba na kipindi ulicholipia.

Hosteli nyingi hukataza koili za umeme kwa sababu nyaya hazibebi. Wengine basi huingiza sigiri (jiko la mkaa) chumbani na kufunga dirisha kwa sababu ya baridi. Hilo linaua. Moshi wa mkaa usioonekana haukupi onyo, unasinzia tu. Sigiri ni ya nje, ikiwa na moto au ikiwa "imezimika". Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 ni bora kama wanaruhusu. Paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu, gesi inavuja.

Na usisahau chandarua.

Mhasibu_Tororo

Naomba baba asome sehemu hii.

Mzee, ada na hosteli zilipe wewe mwenyewe. Ada kwa PRN, hosteli kwenye akaunti ya hosteli. Pesa za ada zinazopitia kwenye simu ya mwanafunzi ndizo "zinazoliwa", na siku hizi siyo kwa disko: ni kubashiri mpira na kulipa mikopo ya programu za simu, yenye riba ya kila siku. Kila muhula mwombe akuonyeshe taarifa ya malipo kwenye portali yenyewe. Risiti ya karatasi hughushiwa kwa dakika tano.

Kuhusu matumizi, yote pamoja ni hatari kwa aliyetoka bweni. Lakini kila siku kidogo kidogo nayo ni hasara: ada za kutoa pesa kwenye simu huenda kwa viwango, kwa hiyo kutoa mara tano kidogo ni ghali kuliko kutoa mara moja, na juu yake kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kila unachotoa. Mimi nasema kila wiki mbili, siku ile ile, kiasi kile kile.

Mfano wa hesabu: tuseme kuna 1,700,000 ya muhula, nje ya ada na chumba. Toa 200,000 ya dharura, ibaki kwako mzee, siyo kwake. Inayobaki 1,500,000, gawa kwa wiki 17, ni kama 88,000 kwa wiki, 176,000 kila wiki mbili. Wiki mbili za kwanza ndizo zenye ndoo, beseni, shuka na fotokopi. Hizo zipangie bajeti yake pembeni, la sivyo binti ataanza kukopa kabla hajaanza kusoma. Shuka na blanketi, soko la Owino. Usiende maduka ya kioo.

Kama ada itasumbua, ulizieni mkopo wa serikali wa HESFB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Unalipa ada ya masomo na ada nyingine za chuo. Haulipi chumba wala chakula, na familia nyingi hugundua hilo wakiwa wamechelewa.

Kalerwe_Kila_Jumamosi

Mhasibu amesahau tumbo. 88,000 inaisha haraka kama kila siku ni roleksi (chapati na mayai) asubuhi na sahani ya mkahawa mchana na jioni. Pika mlo mmoja kwa siku, jioni. Kwa mtu mmoja wiki nzima: unga wa posho kilo 1.5, maharage makavu nusu kilo, mchele nusu kilo, mafuta nusu lita, vitunguu, nyanya, karanga za kusaga kidogo. Maharage loweka usiku, mwaga maji, ndiyo uchemshe, utaokoa gesi.

Kosa la wengi ni kuchemsha kilo nzima na kuunga yote. Bila friji, yaliyoungwa kwa nyanya yanachacha kesho yake. Chemsha ya siku mbili tu bila chumvi wala kitunguu, yachemshe tena asubuhi na jioni, uunge kiasi cha sahani moja. Siku usiyo na nguvu, kikomando (chapati na maharage) kipo.

Binti_Malaba

Asanteni sana wakubwa, baba anasoma hapa pembeni na ameshachukua kalamu. Nimeangalia vyeti, UCE ina jina moja zaidi kuliko kitambulisho, tutakwenda NIRA Jumatatu. Barua inasema mchana.

Moja limebaki: kompyuta. Nimeambiwa takwimu haiwezekani bila laptopu. Ninunue kabla ya kwenda?

Fundi_Maabara

Hapana, dada, subiri wiki 3 au 4. Maabara za chuo zipo, na mwanzoni mtakuwa mnafanya hesabu za mkono zaidi. Ukishajua programu gani mnatumia ndiyo ununue. R na Python ni za bure, msiuziwe CD na mtu.

Kwa kazi hizo RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 inatosha. SSD ni muhimu kuliko jina la kampuni. Ukinunua iliyotumika: izime kabisa uiwashe mbele ya muuzaji, uone kama inadai nenosiri kabla ya Windows kufunguka (ikidai, iache hapo). Chomoa chaja, ifanyie kazi dakika 30, betri ikishuka zaidi ya robo itakusumbua. Bonyeza kila kitufe kwenye kibodi. Risiti iandikwe namba ya mashine, maana za wizi ni nyingi, na polisi hawaulizi nani alikuuzia kwa nia njema.

Ukishapata akaunti ya chuo, washa eduroam (Wi-Fi ya vyuo) kwenye simu mapema. Inashika hata kwenye vyuo vingine vilivyounganishwa na RENU (mtandao wa vyuo vya Uganda), siyo Makerere pekee. Bando utanunua la dharura tu.

Karani_Mstaafu

Binti, kabla ya NIRA: jina lililozidi liko UCE tu, au na UACE pia? Kama UNEB wote wanakubaliana na kitambulisho ndicho kilichopungua, NIRA ni sawa, nenda na vyeti vyote viwili. Kama UCE na UACE zenyewe zinatofautiana, shida iko UNEB, na NIRA hawataitatua. Andika hapa kabla ya Jumatatu usije ukapanga foleni bure.

Binti_Malaba

UCE na UACE ni sawa, majina matatu. Kitambulisho ndicho chenye mawili.

Karani_Mstaafu

Basi NIRA. Fika mapema, ubebe na cheti cha kuzaliwa, na ukipewa karatasi ya kuthibitisha umeomba marekebisho, itolee nakala uibebe Agosti pamoja na vingine.